Supavaiza Kanirudishia Marejeo Yangu Yote, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma masta ya elimu, mada yangu ni lugha ya kufundishia sekondari, yaani mtoto kasoma msingi kwa Kiswahili halafu kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza. Supavaiza alisema kabla ya kuandika sura ya pili (ile ya mapitio ya maandiko) nimpelekee orodha ya marejeo yenye maelezo. Nikampelekea, chini ya kila chapisho nimeweka muhtasari, kanirudishia kaandika juu "hizi ni ikisiri za wenyewe, wewe unasemaje?" Anataka nini jamani? Na ripoti za zamani ambazo sizipati, naweza kutumia nilivyoona wengine wamezinukuu?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Supavaiza wako kakusaidia kuliko unavyodhani, maana hilo swali lake ndo kazi yenyewe. Ikisiri inaeleza makala inahusu nini, basi. Maelezo yako yanatakiwa yaseme wamepataje hayo majibu, yanaaminika kiasi gani, na kwenye mada yako yanakusaidia wapi na yanaishia wapi.

Chukua ripoti ya Criper na Dodd ya 1984, kwa mada yako huwezi kuiruka. Ukiandika "ripoti hii inachunguza hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania" hujasema kitu. Andika hivi: "Waliwapima wanafunzi, wakakuta wengi wa sekondari Kiingereza chao hakitoshi kusomea masomo mengine, lakini bado wakapendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia, ila kiimarishwe. Utafiti uligharamiwa na Waingereza, kwa hiyo matokeo niyasome peke yake na mapendekezo peke yake. Inanifaa kuonesha tatizo ni la siku nyingi, hainifai kuelezea madarasa ya leo yaliyojaa baada ya ada kufutwa mpaka kidato cha nne mwaka 2016." Sentensi chache tu na tayari wewe mwenyewe unaonekana humo ndani.

Halafu iweke jirani na ripoti ya Tume ya Makweta, tume ya rais iliyoangalia elimu ya nchi, ambayo 1982 ilipendekeza sekondari waanze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985 na serikali ikakataa. Ndani ya miaka miwili una nyaraka mbili zinavutana, na mvutano huo ndo aya yako ya sura ya pili, sio "fulani alisema hivi, naye fulani akasema vile" kurasa ishirini mpaka msomaji anasinzia. Ukifika kwenye mradi wa LOITASA (utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini) ulioanza 2002, ambao walifundisha mada zilezile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza wakalinganisha, usikimbilie kuandika Kiswahili kimeshinda hata kama roho yako iko huko (na yangu iko huko). Kwanza uliza shule zilikuwa ngapi, walifundisha kwa muda gani, mtihani waliutunga wakina nani, majibu yake uyaandike siku hiyohiyo unayosoma pamoja na namba ya ukurasa, ukisema utarudi baadaye hutarudi.

Kuhusu ripoti usizozipata, kwanza muulize mkutubi wa chuo, hasa kitengo cha mambo ya Afrika Mashariki pale Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jaribu pia ERIC, hazina ya machapisho ya elimu mtandaoni, ambayo ni ya bure na ina ripoti nyingi za zamani za elimu. Ikishindikana kabisa unaruhusiwa kutumia ya mkono wa pili, ila useme wazi "kama alivyonukuliwa na" fulani, na kwenye orodha unaweka yule uliyemsoma, sio yule ambaye hujawahi kumuona. Na nakuomba sana, usiichukue rejea iliyotolewa na hizi programu za akili mnemba bila kuifungua mwenyewe, zinatunga jina la mwandishi, mwaka, jarida, kila kitu, na DOI (namba ya kudumu ya kuipata makala mtandaoni) inayoonekana safi kabisa ukiibonyeza haiendi popote au inakupeleka kwenye makala ya kilimo.

Mpangilio wa alfabeti unafaa orodha ya mwisho, hii ya kazi ipange kwa hoja: sera, matokeo ya wanafunzi, walimu darasani, wazazi wanataka nini. Fungu utakaloliona lina chapisho moja au halina kabisa mpelekee supavaiza na hilo, utafiti wako unaweza kuwa umo humo. Usiandike zote upya kwa mkupuo, anza na tatu za fungu moja umuoneshe, akikubali ndo uendelee na zilizobaki.