Kilima cha mawe hakiombi miche

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Nyegezi, Mwanza. Nyuma ya shule kuna kilima cha mawe chenye shubiri mwitu na okidi ndogo kwenye nyufa, ila lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia, inazimeza. Nina watu 15 wa kujitolea siku za Jumamosi. Tumeahidiwa miche 400 ya mijohoro na mikaratusi, na jamaa mmoja anashauri tuchome moto kwanza. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, hiyo miche irudi ilikotoka.

Swali hili naletewa kila msimu wa mvua, na kila mara watu wameshika jambo lilelile: kuhifadhi ni kupanda miti. Sivyo! Shubiri zenu zimedumu pale kwa kuwa miti mikubwa haipawezi. Udongo ni wa kina cha vidole viwili, na jua linapiga mwamba kutwa. Mijohoro ikifanikiwa hapo, kivuli chake kitazifunika na majani yatajaza nyufa, nanyi mtabaki na msitu wa mti wa Asia na picha za uzinduzi.

Huyo wa moto mwambieni kiberiti kikae mfukoni. Lantana ikiungua juu huchipua tena shinani, ila shubiri changa ikishaungua imekwenda.

Jumamosi ya kwanza msishike panga. Zungukeni na vitambaa vyekundu, mfunge kando ya kila mmea mnaotaka ubaki, maana mtu mwenye panga na hamasa haoni okidi. Kisha anzeni penye mimea mizuri mingi na lantana chache, msogee nje taratibu. Kile kichaka kikubwa kinachowakera kingoje. Ng'oeni mvua ikishalainisha udongo, kwa sururu, hadi shingo ya mzizi, pale shina linapoungana na mzizi, itoke. Kwenye ufa wenye okidi kateni tu chini kabisa, mrudi kukata kila chipukizi. Vaeni glavu, mashina yana miiba. Mlichong'oa kianikwe juu ya mwamba mtupu, na mbuzi wasisogee, majani yana sumu.

Na mrudi. Ndege wanakula matunda ya lantana na kudondosha mbegu upya. Watu wanne wanaorudi kila baada ya mvua kwa miaka mitatu nawapenda kuliko sitini wa siku moja wenye fulana.

Kuna wauza miche wanaozunguka na neno "mazingira" midomoni, kila kilima kwao ni soko. Magugu maji nayo yaliletwa Afrika kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Kufikia 1990 yalikuwa yameshaingia Ziwa Victoria, na wavuvi wetu wanayasukuma kwa kasia mpaka leo. Wapo pia wanaochimba shubiri "kuziokoa" kwenye vyungu vya nyumbani au kuziuza, ingawa biashara ya kimataifa ya shubiri za porini inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori. Mkishasafisha zitaonekana hadi barabarani, kwa hiyo vile vitambaa vyekundu vifungueni kazi ikiisha, na mtu akija na gunia na jembe, mwiteni mtendaji wa mtaa hapohapo.