Kabla Hujakipakia Kiendelezi Kwenye Programu Kuu

Ukiwa mtunzaji wa programu huria, utalisikia sana ombi hili: kiendelezi fulani (kipande cha ziada kinachoiongezea programu uwezo) kila mtu anakitumia, kwa nini kisije moja kwa moja na programu kuu? Kwenye programu yetu ya mauzo ya dukani, kilichoombwa zaidi ni kiendelezi cha malipo kwa simu. Nilikataa, na leo ningekataa tena, ingawa mimi mwenyewe nakitumia.

Usipime kwa umaarufu. Angalia kwanza mwendo: kiendelezi kinabadilika kwa kasi gani ukilinganisha na programu yenyewe? Kampuni za simu hubadilisha mifumo yao zinapotaka. Sisi tunatoa toleo jipya mara moja kwa mwaka. Kikiwa nje, hitilafu ya leo inarekebishwa kesho. Kikiwa ndani, mwenye duka anasubiri toleo lijalo huku wateja wamejipanga.

Python, lugha ya kuandikia programu, ililipitia jambo hili hadharani. Requests, maktaba (msimbo ulio tayari kutumiwa) ya kuwasiliana na tovuti, inapendwa mno, lakini suala la kuiingiza lilipojadiliwa mwaka 2015 ilibaki nje: mambo ya usalama yanadai marekebisho ya haraka kuliko ratiba ya Python. Tomli, maktaba ndogo ya kusoma faili za mipangilio za muundo wa TOML, iliingia kwenye Python 3.11 mwaka 2022 kwa jina la tomllib. Muundo wa TOML ulikuwa umeshatulia, na pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inahitaji kusoma pyproject.toml, faili ya TOML ya maelezo ya kifurushi, kabla ya kusakinisha kifurushi, kwa hiyo kumwambia mtu asakinishe kwanza kisomaji kulikuwa kumzungusha. Tena waliingiza kusoma tu. Kuandika kukaachwa nje. Naupenda sana uamuzi huo, maana kiendelezi si lazima kiingie kizima.

Kwa sababu kama ile ya Tomli, kwamba kinahitajika kabla mtu hajaweza kusakinisha kingine, kwetu kiendelezi cha kuhifadhi nakala za data kiliingia bila ubishi. Mtu ambaye kompyuta yake imeungua hana muda wa kutafuta viendelezi.

Halafu uliza nani atakitunza, na udai watu, si ahadi. Aliyekiandika akipata kazi nyingine, mzigo ni wenu, na kuondoa ni kugumu kuliko kuingiza. Pendekezo la kuondoa moduli (sehemu zinazokuja na lugha yenyewe) zilizochakaa za Python, zikiwemo cgi na telnetlib, liliandikwa mwaka 2019. Moduli 19 ziliondolewa kwenye toleo la 3.13, mwaka 2024.

Ukikataa, usiishie kwenye hapana. Kiorodheshe kiendelezi mahali watumiaji watakapokiona, kifanyie majaribio pamoja na kila toleo lenu kabla halijatoka, na waambie watunzaji wake mapema mnachotaka kubadilisha. Kile cha malipo kwa simu tunakifanyia hivyo, na wenyewe wanatoa marekebisho siku yoyote bila kusubiri ruhusa yetu.