Kupandisha kodi ya mpangaji wa mwezi kwa mwezi

SWALI: Nina vyumba Buhongwa. Mpangaji mmoja hulipa 60,000 kila tarehe 5, hatuna mkataba wa maandishi. Nataka alipe 75,000. Nimwambie tu mwezi ujao?
Mwenye nyumba, Mwanza

JIBU: Hapana, mpe notisi ya maandishi ya mwezi mzima, iishie siku ya kodi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka upangaji wa vipindi, kama huu wa mwezi kwa mwezi, uvunjwe kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja, na ongezeko ni vema lifuate kipimo hichohicho. Hapa ndipo wengi hukosea: ukimpa karatasi tarehe 20 Machi, usidai kodi mpya 5 Aprili, maana mwezi haujatimia; ianze 5 Mei.

Andika chumba, kodi ya sasa, kodi mpya na tarehe ya kuanza. Toa nakala mbili, asaini yako na kuweka tarehe. Akikataa kusaini, mkabidhi mbele ya mjumbe. Taja pia kama maji na Luku vimo ndani ya kodi, maana ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kama ameshalipa miezi sita mbele, subiri iishe. Usiguse fedha hiyo.

Tarehe ikifika akakuletea 60,000, usiandike risiti ya "kodi ya Mei". Andika "sehemu ya kodi, baki 15,000". Ukinyamaza, atasema umeikubali ya zamani.

Akigoma, mpe notisi ya kuhama, kisha nenda serikali ya mtaa mkasuluhishwe. Tafadhali usimfungie kufuli wala kumkatia umeme: kesi itageuka iwe yake dhidi yako.