Taa ya Ukungu Niliyokuwa Nayo Miaka Minne Bila Kujua

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimefunga taa za ukungu mpya, ni kali kwelikweli, lakini nikiingia kwenye ukungu sioni mbali kuliko zamani. Au fundi kanipiga?" Nikacheka peke yangu. Kisha kicheko kikakatika, maana swali hilo nimewahi kuliuliza mimi, karibu kwa maneno yaleyale, na jibu lake nililipata kwa bampa la nyuma.

Fundi hajakupiga. Taa hizo hazikutengenezwa uone mbali. Lakini ngoja nianze na kiburi changu kwanza, ndipo utaelewa kwa nini jambo hili linaniuma mpaka leo.

Nilinunua taa mbili za duara, za manjano, za kufunga chini ya bampa la mbele. Fundi alivuta waya kutoka kwenye betri, akapitisha kwenye fyuzi na rilei, akanitobolea swichi ya peke yake chini ya usukani. Kazi nadhifu, huoni waya hata mmoja unaoning'inia. Jioni ileile nikazunguka nazo mjini, hakuna ukungu wala mvua, nawasha tu ili watu waone. Shemeji yangu akaniuliza, "Sasa hizo za nini, na anga jeupe hivi?" Nikamjibu kwamba zinapenya. Nililipenda sana neno hilo. Kila aliyeuliza nilimwambia zinapenya.

Miezi michache baadaye nikakutana na ukungu wenyewe. Ilikuwa alfajiri, kumeanza kupambazuka, napanda barabara ya mlimani. Kona moja nikaikata nikiwa naona vizuri, kona ya pili nikajikuta ndani ya maziwa. Nikafanya anachofanya kila asiyejua: nikapiga fulu, ule mwanga wa mbali. Mbele ukasimama ukuta mweupe, kama mtu kanifunika shuka usoni. Nikarudi kwenye dimu, mwanga wa chini, bado weupe. Basi nikazima taa kubwa zote, nikabaki na zangu za manjano.

Na kweli, zilifanya kazi! Niliona mstari wa ukingo wa barabara, changarawe, majani yenye umande, mita kumi na tano hivi mbele yangu. Nikawa natembea spidi 30, nimeshika usukani kwa raha, najipongeza.

Sikusikia breki. Nilisikia kishindo tu, kichwa kikagonga egemeo la kiti, na buti likajikunja kama sanduku la karatasi lililokaliwa. Nikashuka nikiwa nimeshapandisha. Aliyenigonga alikuwa mzee mmoja mwenye pikapu, mikono inamtetemeka. Akasema, "Kijana, nyuma huna hata mshumaa." Nikamfokea: taa zangu zinawaka, huoni? Nikamwonyesha kwa kidole, mbele. Yule mzee hakunijibu. Alinishika mkono taratibu, akanizungusha mpaka nyuma ya gari langu, akasimama pale kando yangu.

Giza tupu.

Swichi ya fundi wangu ilikuwa inajitegemea. Nilipozima taa kubwa, na taa ndogo za nyuma zilizimika, zikabaki zile mbili za mbele zinaangaza changarawe. Kwa aliyekuwa nyuma yangu, mimi sikuwepo barabarani. Gari lenye taa za ukungu za kiwandani kwa kawaida halikubali mchezo huo: lazima taa ndogo ziwe zimewaka kwanza, nazo taa ndogo huwaka mbele na nyuma kwa pamoja. Nilitoa pesa yangu kuondoa kinga hiyo.

Nakiri, kwa muda mrefu nilisimulia ajali ile kana kwamba mzee ndiye mwenye makosa. "Kanigonga kwa nyuma," nilikuwa nasema, na watu wakimsikia mtu kagongwa kwa nyuma humwonea huruma.

Kilichonifumbua macho ni kuchoka kusubiri. Gari lilikuwa gereji, simu imeisha chaji, nikachukua kijitabu cha gari kwenye droo ya dashibodi. Miaka minne ninalo gari hilo sikuwahi kukifungua. Nikakuta michoro miwili. Wa kwanza ni taa iliyoelekea kushoto, mistari yake imeinama chini, imekatwa na mstari wa mawimbi, rangi ya kijani: taa ya ukungu ya mbele. Wa pili imeelekea kulia, mistari imelala, nayo imekatwa na mawimbi, rangi ya manjano: taa ya ukungu ya nyuma.

Ya nyuma? Nikawasha taa kubwa, nikavuta swichi kama kijitabu kilivyoelekeza, nikazunguka nyuma. Ile plastiki nyekundu upande wa dereva, ambayo miaka yote nilidhani ni ya kuakisi mwanga tu, ilikuwa inawaka kwa ukali wa kuumiza macho. Mafundi walinitazama nilivyosimama pale. Nilikuwa namfikiria yule mzee.

Kanuni za kimataifa za magari zinataka taa hiyo itoe angalau kandela 150 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga), wakati taa ya kawaida ya nyuma inaruhusiwa kuanzia kandela 4. Piga hesabu mwenyewe. Tena inatakiwa ikae angalau sentimeta 10 kutoka taa ya breki, ili ukikanyaga breki mtu aone tofauti. Ulaya gari haliuzwi bila taa hii. Japani sheria haiilazimishi, ndiyo maana magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la kule hayana. Kwa hiyo kabla hujanunua taa za kupendezesha mbele, zunguka nyuma ujue unacho nini.

Sasa kuhusu kupenya. Hakuna kinachopenya. Ukungu ni matone madogo ya maji yanayoelea, na mwanga ukiyagonga unatawanyika, mwingine unakurudia machoni. Fulu inarusha mwanga mbele na juu, katikati ya matone mengi, ndiyo ule ukuta. Taa ya ukungu inafungwa chini, mwanga wake mpana na bapa, umekatwa juu kama kwa kisu, unateleza karibu na lami. Unakuonyesha ukingo wa barabara, basi. Rangi ya manjano nayo tumeipa sifa isiyo yake. Matone ya ukungu ni makubwa kiasi kwamba hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Wapo wanaosema manjano inawapumzisha macho, na Ufaransa ililazimisha taa za mbele za manjano kwa zaidi ya miaka 50, hadi 1993, lakini kupenya haipenyi.

Ndiyo maana, kaka yangu, taa zako ni nzima ila matarajio yako ndiyo mabovu. Zipime hivi: simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, usiku. Mstari wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa yenyewe kwa sentimeta 20 hivi. Ukiwa juu ya hapo unawapofusha wenzako. Na mwambie fundi waya wa swichi autoe kwenye taa ndogo, si betri. Hili nitalirudia: kwenye taa ndogo, si betri.

Halafu punguza mwendo. Spidi 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Kama unaona mita 40 tu, una sekunde zisizofika mbili za kuona, kushtuka na kukanyaga. Hakuna taa inayotibu hilo. Na wewe mwenye gari jipya usijidai: kihisi cha taa za kujiwasha kinapima giza, na ukungu wa mchana ni mweupe, kinadhani kila kitu kiko sawa. Mbele taa za mchana zinang'aa, nyuma uko kama nilivyokuwa mimi. Washa kwa mkono wako. Hazadi usiziwashe ukiwa unatembea, zinameza indiketa.

Ukungu ukiisha, zima. Uingereza taa hizi ni za pale usipoona zaidi ya mita 100 hivi. Ujerumani ya nyuma huruhusiwi kuiwasha mpaka uone chini ya mita 50, na hapo spidi isizidi 50. Usiku wa anga safi taa ile inamchoma macho aliye nyuma yako na kuficha breki zako. Watu wanaotembea nayo imewaka usiku kucha huwa nawaona ni wabinafsi, na nikiwapita nawapigia honi.

Wiki iliyopita nilipita barabara ileile ya mlimani. Ukungu ulikuwepo. Taa kubwa kwenye dimu, za ukungu mbele na nyuma, spidi 30, basi moja likinifuata kwa mbali kwa adabu kabisa. Tukashuka upande wa pili, jua likatoka, nikawasha redio, nikawa natunga kichwani makala hii. Basi likanipiga fulu. Nikajiuliza ana haraka gani. Likapiga tena, na honi ndefu. Nikatupa macho kwenye dashibodi: kile kitaa cha manjano kilikuwa bado kinawaka. Nikazima, nikatoa mkono dirishani kuomba radhi.