Kabla ya Olimpiki, mfundishe farasi kusimama

Kila Olimpiki ikipita, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa Njoro na Molo, hapa Kenya: "Kocha, nami nataka kupanda kama wale." Wanamaanisha dresaji, ule mchezo ambao farasi huonekana kama yuko ngomani na aliyempanda katulia utadhani hafanyi lolote. Swali langu kwao huwa moja: farasi wako anaweza kusimama?

Mimi nilianza na usaisi hapa Njoro, miaka minne ya kuzoa samadi na kusafisha kwato. Shindano langu la kwanza nilijiandaa kwa troti tu, ule mwendo wa farasi kukimbia polepole, maana ndiyo hushangiliwa. Kiwanja huwekewa herufi pembeni: unaingia kwenye herufi A, unafuata mstari wa katikati mpaka X, yaani katikati kabisa, ambayo haijaandikwa popote kiwanjani, unasimama, unamsalimu jaji. Wangu alisimama mshazari, mguu mmoja umebaki nyuma, akaondoka kabla sijainua kichwa. Kila tendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10. Nilipata 4, yaani haitoshi.

Kadi ile ya alama ningali nayo. Ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba nilikuwa nikivuta hatamu na kusahau miguu yangu. Siku hizi nakaa wima kwanza, nambana kidogo ubavuni ili miguu yake ya nyuma iingie chini ya tumbo, ndipo mkono unapokataa kumfuata. Anasimama mwenyewe, miguu minne sawasawa. Wenzangu walinicheka kwa kurudia jambo hilo asubuhi nzima. Wacha wacheke.

Na umri usikutishe. Farasi mwenyewe haruhusiwi Olimpiki kabla hajatimiza miaka 8. Isabell Werth wa Ujerumani alichukua dhahabu ya timu Barcelona mwaka 1992, na Paris 2024 akachukua nyingine. Hiroshi Hoketsu wa Japani alipanda London 2012 akiwa na miaka 71! Wewe wa miaka 22 unalia nini?

Ukitaka Ulaya, jiandae kumwacha farasi wako nyumbani. Kuna maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoenezwa na usubi, na kwa sababu yake kumsafirisha farasi kutoka huku ni vipimo na karantini zisizoisha, tena kwa pesa ambazo hatuna. Wengi wetu huenda mikono mitupu na kuomba usaisi kwenye mazizi ya huko. Kabla ya kutia sahihi uliza: nitapanda mara ngapi kwa wiki, farasi yupi, nani atanifundisha? Yaandikwe. Mimi niliahidiwa kwa mdomo, nikafagia miezi mitano bila kukalia tandiko.

Wa hapa karibu, Jumamosi niko kiwanjani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Lete gambuti za zizini, na viatu vyenye kisigino kidogo vya kupandia, maana raba hupenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kando ya tandiko, na ukianguka utaburutwa. Helmeti nitakuazima.