Jibu: Kwa nini maabara na wodi za saratani zikae jengo moja?

Ndugu, umeuliza kama si nafuu kujenga maabara ya utafiti mbali na kliniki ya saratani. Mimi nasema hapana. Kampala wana kituo cha UCI-Fred Hutch, cha ushirikiano wa Taasisi ya Saratani ya Uganda (UCI) na kituo cha saratani cha Fred Hutch cha Marekani, kilichofunguliwa Mei 2015: kliniki, maabara na mafunzo chini ya paa moja. Kipande cha uvimbe kikishakatwa huanza kuharibika papo hapo, hivyo umbali wa kukifikisha kwa mtafiti ni suala la mchoro wa jengo.

Ila chumba cha mashine ya mionzi kipange kabla ya msingi! Kuta zake ni zege nene kupita mita moja, na uzito huo ndio maana kwa kawaida hukaa chini kabisa. Na tafadhali, mgonjwa anayetoka kwenye dripu ya kemo (dawa kali za saratani), kichefuchefu kimemshika, mpe choo karibu na kiti chake.