Heda ya IS300 kwenye Altezza Gita inagonga shafti ya stelingi: tafuta nafasi kwenye bomba, usiguse shafti

Mkuu, nimekusoma vizuri. Una Altezza Gita AS300 yenye injini ya 2JZ-GE, umeagiza heda (seti ya mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) ya Lexus IS300 kutoka Marekani, imefungwa, na sasa ukikata kona kitu kinakwaruza karibu na miguu yako, na ukikanyaga mafuta kupanda Kimara kinagonga kabisa. Fundi anataka apitishe grainda kwenye shafti ya stelingi "kidogo tu" ili apate nafasi.

Mzuie leo hii. Shafti ile haipunguzwi hata milimita moja, haipashwi moto wala haichomelewi. Ndiyo inayounganisha mikono yako na tairi za mbele, na ikikatika ukiwa spidi Bagamoyo Road hakuna breki itakayokurudishia usukani. Nafasi unayoitaka ipo kwenye bomba.

Kwanza ujue kwa nini inagusa. Injini za JZ zinatolea moshi upande wa kulia. IS300 ya Marekani usukani uko kushoto, kwa hiyo kulia mwa injini hakuna shafti, na aliyechora ile heda alikuwa na uwanja wa kupitisha mabomba anavyotaka. Gita yetu imetoka Japani, usukani kulia, na shafti inashuka palepale mabomba yanapopita. Heda si mbovu, na fundi wako hajaifunga vibaya. Imetengenezwa kwa gari ambalo upande huo uko wazi. Ndiyo maana ushauri wa "legeza boliti uisukume kidogo" hautakufikisha mbali: matundu ya flenji, lile bamba la heda linalofungwa kwenye injini, yakikuachia sana ni milimita moja au mbili.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanapima nafasi gari likiwa limezimwa na limepoa, wakati injini haikai hivyo barabarani. Krenki ya JZ, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ukiiangalia kwa mbele inazunguka kama mshale wa saa, hivyo ukikanyaga mafuta mwili wa injini unajivuta kinyume chake. Upande wa kulia unashuka na kichwa kinaegemea kulia, yaani kwenye shafti yenyewe. Ukiweka R, gia ya kurudi nyuma, mambo yanageuka. Kwa hiyo kule kugonga unakokusikia ukipanda Kimara ni injini inaegemea, bomba linaifuata, linakutana na shafti. Juu ya hapo kuna moto. Bomba la stenlesi la sentimita 50 likipanda nyuzi 500 linarefuka karibu milimita 4, la chuma cha kawaida kama milimita 3. Gari linaloondoka nyumbani kimya linaweza kuanza kugonga ukifika Ubungo kwenye foleni, hata kama hakuna kilicholegea.

Na kwa nini ni kwenye kona? Kwa sababu krosi ya shafti ya stelingi, ile jointi inayoiwezesha kupinda, si duara. Ina mabega. Shafti ikizunguka, mabega yanapita karibu na bomba kwa zamu, ndiyo maana usukani ukinyooka, na hukanyagi mafuta sana, husikii kitu.

Kabla ya kugusa bomba, angalia maunti, zile raba zinazobeba injini, pamoja na ya gia boksi. Gita nyingi zilizopo Dar zina miaka zaidi ya ishirini, na maunti zake ni zile zile zilizokuja nazo. Raba ikichanika au ikilala, injini inakaa chini na inacheza zaidi, na nafasi yote utakayoitengeneza inaliwa. Kama maunti ni ya aina yenye kimiminika ndani, ukiona alama za kuvuja imekwisha. Niliwahi kuifunga heda kwenye Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GE ambayo mwenyewe alishaambiwa bomba lazima likatwe. Tulipobadilisha maunti mbili za mbele injini ilipanda, na kugonga kukaisha bila kukata kitu. Haitokei kila mara, lakini ni kosa kukata bomba zuri kwa ajili ya raba mbovu. Ilala na Kariakoo utapata mpya na za mtumba. Hapa chukua mpya, maana maunti ya mtumba ina umri uleule wa hiyo unayoitoa.

Maunti zikiwa nzima, sasa pima. Nenda duka la vifaa vya shule ukanunue udongo wa kuchezea watoto, ule wa rangi rangi. Injini ikiwa baridi kabisa, bandika donge la ukubwa wa gololi kwenye bomba pale unapoona alama inayong'aa, na uifunike shafti kwa kipande cha nailoni ili udongo usinase. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, kisha zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, taratibu. Shusha gari. Weka magogo nyuma na mbele ya tairi, vuta hendibreki, na hakikisha hakuna mtu mbele, nyuma wala chini ya gari. Washa, kanyaga breki kwa nguvu, weka D, ongeza mafuta kidogo kwa sekunde mbili tatu, basi. Rudia kwa R. Usizidishe, mafuta ya gia boksi yanapata moto haraka sana ukifanya hivyo. Zima kabla bomba halijawa la moto, maana udongo utayeyuka.

Toa lile donge kwa uangalifu, likate katikati kwa wembe, pima pale palipominywa zaidi kwa kipimo cha venia. Hiyo ndiyo nafasi yako halisi injini ikiwa imeegemea. Toa milimita 4 za moto. Ukibaki na chini ya milimita 12, mimi siiachi gari iondoke. Mahali penye raba au waya nataka sentimita mbili na nusu au zaidi, na hata hapo naweka bati la kukinga.

Kama upungufu ni wa milimita chache, bomba linakandamizwa. Wengi wanaogopa wakidhani gari litapoteza nguvu. Fanya hesabu: bomba la milimita 42 ukilibonyeza mpaka 35 kwa umbo la yai, mzunguko wake ukabaki uleule, njia ya moshi inapungua kama asilimia 4 tu, tena sehemu fupi. Hutaisikia. Kinachoua ni bonyeo kali la nyundo lenye kona, linaloziba njia na kuanzisha ufa. Kwa hiyo heda inatolewa kwenye gari, bomba linapashwa kwa gesi mpaka liwe jekundu, kisha linabonyezwa polepole kwa kipande cha chuma cha mviringo kwenye vaisi. Usikubali mtu alipige nyundo likiwa limefungwa kwenye gari. Pigo lote linaenda kwenye gasketi na stadi, zile boliti zinazoshika heda, na stadi ikikatikia ndani ya silinda hedi (kichwa cha injini), hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Wewe kwa maelezo yako, inagusa hata bila mafuta mengi, nadhani kubonyeza peke yake hakutatosha. Hapo bomba linakatwa na kupitishwa upya. Tafuta fundi wa TIG, uchomeleaji unaokinga mshono kwa gesi, mwenye gesi ya agoni. Wa geti na madirisha mwachie mageti. Vipande vinapimwa juu ya gari na kupigwa doti tu, betri ikiwa imetolewa nyaya zote mbili na ethi (waya wa kurudisha umeme wa mashine ya kuchomelea) imebanwa kwenye heda yenyewe, vinginevyo umeme unatafuta njia kupitia sensa na kompyuta ya gari. Kisha heda inatolewa na kumaliziwa mezani, flenji ikiwa imefungwa kwa boliti kwenye sahani nene ya chuma au silinda hedi mbovu. Flenji iliyochomelewa ikiwa huru inapinda, na gasketi yoyote utakayoweka itapuliza. Kwa stenlesi ya 304 waya ni 308L. Kama anaunganisha stenlesi na chuma cha kawaida, 309L. Agoni ipite na ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani wa mshono unachemka na kuwa na vipele vyeusi, na ufa unaanzia hapo.

Kuna njia ya mkato utaisikia gereji: kuweka washa chini ya maunti ili kuinua injini. Usikubali. Unabadilisha pembe ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu tairi za nyuma, gari linaanza kutetemeka, na krosi zake zinakwisha mapema. Wala usishushe heda sana ili uikwepe shafti. Pale mabomba yanapokutana ndipo panapokuwa chini zaidi, na matuta ya mitaani kwetu hayana kipimo kimoja. Ukitoka Goba ukaligonga tuta kwa pale, pigo linapanda mpaka kwenye flenji.

Baada ya nafasi kupatikana, shughulikia joto. Krosi ya stelingi ina grisi ndani, nayo moto wa bomba lililo karibu unaikausha. Weka bati la kukinga kati yao, lisiloguswa na upande wowote. Ule utepe wa kuvingirisha mabomba siupendi kwa Dar. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, utepe unashika maji, na bomba la chuma cha kawaida linaozea ndani yake bila wewe kuona. Sensa ya oksijeni nayo, kama tundu lake limehamishwa, ielekee juu kidogo kuliko usawa, ili maji yanayotokea bomba likiwa baridi yasiikalie.

Siku za mwanzo kaza boliti za flenji upya injini ikiwa imepoa, kwa kipimo cha Toyota, kisha rudia ule upimaji wa udongo.

Ukishapima, weka hapa namba zako na picha mbili: moja ya alama inayong'aa kwenye bomba, nyingine ya maunti ya kulia kutoka chini. Nitakuambia kama ni ya kubonyeza au ya kukata.